Upande wa Nyuma wa Bati

Mwenye gari la zamani anayelipeleka kwa fundi wa bodi likiwa limeliwa na kutu, aghalabu hurudi siku ya kulichukua akalizunguka mara mbili tatu, akapitisha kiganja juu ya madigadi, akauona uso wake katika rangi mpya, kisha akatoa fedha, akashukuru, akaenda zake. Ni nadra kumwona mtu akipiga magoti, akainua zulia la sakafu, au akatia mkono nyuma ya madigadi apapase mahali palipochomelewa. Kwa hiyo fundi naye, ambaye ni binadamu kama sisi na ana watoto wanaomngoja nyumbani, hujifunza upesi kwamba analipwa kwa kile kinachoonekana. Na mwanafunzi wake, ambaye hujifunza kwa kutazama zaidi kuliko kwa kuambiwa, hurithi kwake ilimu ya dhahiri na kuikosa ya batini. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na sidhani kwamba kuna mahali ambapo usemi huo hutimia kwa ukamilifu zaidi kuliko chini ya gari kuukuu lililopakwa rangi juzi.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba sanaa ya kuchomelea bati jembamba la magari ya zamani inafundishwa kwetu kwa kuanzia mahali pasipofaa. Huanzia kwenye moto na kuishia kwenye rangi, ilhali ingefaa ianzie upande wa nyuma wa bati, upande ambao mteja hauoni, puti ya kujazia mabonde haiufikii, na usioweza kusema uongo. Hukumu ya kila mshono iko nyuma. Mwanafunzi akizoezwa tangu siku ya kwanza kukigeuza kipande chake na kukisoma kabla ya kukisifu, makosa mengi ambayo leo huchukua miaka kuyaacha yangemwondoka katika muda mfupi, kwa sababu angekuwa na shahidi mwaminifu kila saa, hata mwalimu wake anapokuwa ametoka.

Magari tunayoyazungumzia hayastahili kudharauliwa. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliyajaribu magari ya kila namna katika vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Peugeot 404, ambayo watu wetu waliiita Pijo bila ya kujali tahajia ya Kifaransa, ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, ilikuwa ya Bert Shankland aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Kisha 504 ikashika zamu yake mwaka 1975 na 1978. Ndugu za magari hayo, yaani yale yasiyoshindana na mtu, yalibeba maharusi na wagonjwa, walimu na wafanyabiashara, na baadhi yao yangali yanatembea, pamoja na Volkswagen zenye mgongo wa duara, Morris Minor, na Land Rover za tangu zama za ukoloni. Waliobaki nayo huyapenda kwa dhati. Lakini mapenzi hayazuii kutu, na hasa katika miji ya pwani, ambako hewa yenyewe hubeba chumvi na unyevu, na ambako maji yaliyoingia katika mkunjo wa bati mwezi wa masika hukaa humo muda mrefu kabla ya kukauka.

Bati la magari hayo ni jembamba. Kwa kawaida unene wake ni baina ya milimita 0.8 na milimita 1.2, kwa kadiri ya mahali lilipo, na baada ya nusu karne ya kutu na kusuguliwa kwa grenda, mara nyingi hupungua hata chini ya hapo. Mwanafunzi wetu, kwa upande wake, huanza kazi kwa mageti, nondo za madirisha na fremu za vitanda, kwa chuma cha milimita tatu, nne au tano, akitumia fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 na umeme wa ampea 60 hadi 90. Katika chuma kama hicho uthabiti wa mkono ni kuuendeleza mshono bila kusita, na moto mwingi ni sifa, kwa kuwa unene wa chuma huunywa na kuutuliza. Kijana akiisha kuhitimu katika mageti, siku moja huitwa akaambiwa aje azibe tundu katika sakafu ya gari. Huja na mkono ule ule, fimbo ile ile na moto ule ule. Na kwa kuwa milimita moja ya bati huhitaji ampea 40 hivi tu, bati hutoboka mbele ya macho yake. Akijaribu kuziba tundu hilo huzaa la pili, akiziba la pili huzaa la tatu, hata jioni ikafika ana kazi kubwa kuliko aliyokuta asubuhi. Ndipo anapoonyeshwa puti.

Simlaumu kijana huyo, wala simlaumu aliyemwonyesha puti, kwani kila mmoja ametenda kwa maarifa aliyopewa. Nasema tu kwamba kazi hizi mbili zinafanana kwa cheche na moshi, na zinaachana katika kila jambo lingine. Anayechomelea geti anapigania moto uingie. Anayechomelea bodi ya gari anapigania moto usienee. Na hapo ndipo pana sababu ambayo ni lazima ielezwe kwa mwanafunzi kabla hajashika mashine, ili baadaye asidhani kwamba subira anayodaiwa ni adabu tu ya wazee.

Chuma kikipashwa moto hutanuka. Ukanda wa bati wa mita moja, ukipata joto la nyuzi 100 za Selsiasi zaidi ya lile lililokuwapo, hurefuka kwa milimita 1.2 hivi, na mahali pa mshono joto halikomei kwenye mamia, bali hufika nyuzi 1,500 ambapo chuma huyeyuka. Sasa, sehemu ile ndogo iliyopata moto hutaka kutanuka, na bati baridi linaloizunguka huizuia. Haina pa kwenda ila kujifinya na kunenepa pale pale ingali laini. Ukipoa mshono, sehemu hiyo iliyojifinya husinyaa, ikawa fupi kuliko ilivyokuwa kwanza, nayo huvuta bati lote lililo kando yake. Mlango uliokuwa umenyooka huonekana umekunjamana, boneti hupata bonde lisilokuwapo, na kadiri fundi anavyozidi kupiga moto mfululizo ili amalize upesi ndivyo bati linavyozidi kumkimbia. Hakuna nyundo iliyosababisha mabonde hayo, wala hakuna ubora wa mashine unaoweza kuyazuia. Dawa yake ni kutia moto kidogo, kuuacha upoe, kisha kwenda kutia kidogo mahali pengine palipo mbali.

Kabla ya moto huo kidogo kuna kazi ambayo haina cheche wala haimvutii mpita njia, nayo huchukua sehemu kubwa ya siku: kutafuta mahali kutu inapokoma. Kutu juu ya rangi huonekana ya ukubwa wa sarafu, lakini nyuma yake, katika mkunjo, imekwisha kutambaa kiganja kizima. Bati lililobaki na unene wa karatasi haliwezi kuchomelewa na mtu yeyote, awe mwanafunzi au ustadhi, kwa kuwa huyeyuka kabla ya kiraka kuanza kushika. Hivyo sharti likatwe mpaka lifikiwe bati zima lenye unene wake. Baada ya hapo rangi, lami, puti ya zamani na kutu huondolewa hadi chuma king'ae, upana wa sentimita mbili au zaidi kila upande wa mahali pa kuchomelea, mbele na nyuma. Wengi husafisha mbele tu. Uchafu wa nyuma huungua, ukatoa gesi, na gesi hiyo hupanda kupitia chuma kilichoyeyuka ikaacha vitundu vidogo vidogo ambavyo maji ya mvua yatavijua kabla ya mwenye gari.

Kiraka chenyewe nacho kina masharti yake. Iko desturi katika baadhi ya gereji zetu ya kukata kiraka katika masalio ya bati la kuezekea, kwa kuwa liko karibu na halina gharama. Bati hilo limepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907, mbali sana chini ya joto la kuyeyusha chuma. Kwa hiyo kabla ya mshono kuungana zinki imekwisha kugeuka mvuke mweupe, ikaharibu mshono, na kumtia mvutaji wake homa ya mafusho, yenye baridi, maumivu ya viungo na kichwa, ambayo humjia usiku na aghalabu humwacha baada ya siku moja au mbili, naye akadhani ilikuwa malaria. Afadhali kipande cha chuma kitupu chenye unene sawa na bati la gari, hata kikitoka katika mlango wa gari jingine lililokwisha kufa.

Tuitazame sasa kwa karibu kazi moja, mathalani sehemu ya chini ya madigadi ya mbele ya Pijo 404, pale ambapo matope yanayorushwa na gurudumu hukusanyika na kukaa. Fundi amekwisha kukata sehemu iliyooza, na pembe za tundu amezifanya duara, kwa kuwa pembe kali hukusanya joto na mvutano mahali pamoja. Ametengeneza kigezo kwa kipande cha boksi, akakihamishia kwenye bati, akalikata, akalikunja kwa nyundo juu ya fuawe hadi likakubaliana na mviringo wa madigadi lenyewe, bila ya kulazimishwa na bila ya kushikiliwa. Nafasi baina ya kingo mbili aliyoiacha haizidi unene wa bati. Kingo zingegusana kabisa, mshono wa kwanza ungezisukuma zipandane, na nafasi ingekuwa pana zaidi, moto ungeangukia hewani. Anakibana kiraka, kisha anashikiza: nukta moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia, kila nukta ikichukua muda wa kutamka neno moja. Anaweka mashine chini. Anasubiri mpaka aweze kukiweka kiganja chake juu ya bati bila kukitoa haraka. Anarudi, anatia nukta katikati ya zile za kwanza, huku akiruka kutoka upande hadi upande, asitie mbili jirani kwa mfululizo. Na kila nukta mpya inapofika jirani ya ile ya zamani huipanda nusu yake, kwa sababu mwanzo wa kila nukta huwa baridi na hauna nguvu mpaka uyeyushwe na inayofuata. Hivyo mshono hukamilika kidogo kidogo, bila ya mahali popote kupata joto la kulikunja bati.

Kisha anaingiza mkono na kioo nyuma ya madigadi, akasoma. Akiona mgongo mwembamba ulioinuka kidogo, ulioendelea bila kukatika, anajua kwamba moto umepenya na kingo zimekuwa kitu kimoja. Akiona mstari wa rangi ya samawi tu, na kingo mbili zikiwa bado zinaonekana, anajua kwamba chuma alichokiona mbele kimekaa juu ya bati bila ya kuungana nalo, na kwamba siku atakapolisawazisha kwa grenda ataondoa kila kilichokuwa kimelishika. Akiona matone yaning'iniayo, moto ulikuwa mwingi au nafasi ilikuwa pana. Akiona vitundu na masizi, palikuwa na uchafu, au upepo umeiondoa gesi ya kukinga. Ishara hizo nne zinatosha kumfundisha mtu nusu ya sanaa hii, na hakuna hata moja inayoonekana kwa mbele.

Nimetaja upepo kwa makusudi, kwa kuwa gereji zetu nyingi ni za jua kali, chini ya mwembe au mwarobaini, na wanaotumia mashine ya MIG hufanya kazi katika kusi inayovuma bila huruma. Mashine hiyo husukuma waya mwembamba huku ikiufunika kwa gesi, aghalabu kaboni dioksidi tupu au iliyochanganywa na argoni, ili hewa isifikie chuma kilichoyeyuka. Upepo mdogo tu usiotikisa shati unaweza kuipeleka gesi pembeni, na mwanafunzi akaulaumu umeme. Turubai lililofungwa upande wa upepo lina faida kuliko kuongeza gesi. Kwa bati la gari waya wa milimita 0.6 unafaa kuliko ule wa milimita 0.8 unaouzwa pamoja na mashine nyingi, kwa kuwa huyeyuka kwa umeme mdogo. Nguzo za umeme nazo zitazamwe: waya mtupu unaolindwa na gesi hutaka mkono wa mashine ufungwe upande chanya, na waya wenye dawa ndani yake, usiohitaji mtungi, aghalabu hutaka upande hasi, wako wanaotaabika kwa miezi na mashine nzima kwa sababu hawakubadili nguzo hizo. Mambo yote yakiwa sawa, mashine hutoa sauti moja iliyo shwari, sauti ya samaki anayekaangwa katika mafuta yaliyopata moto. Ikipasuka pasuka au ikinguruma, mwanafunzi asimamishe kazi arekebishe waya na umeme kwenye kipande cha majaribio, asilifanye gari la mtu kuwa ubao wa kujifunzia.

Kipande cha majaribio ndicho chuo chenyewe. Mwalimu mwenye insafu angempa mwanafunzi mabati mabovu ya milimita moja, aunganishe vipande viwili kwa ukingo, akishamaliza avigeuze na kuvisoma, kisha avibane katika jiliwa na kuvipinda mbele na nyuma mpaka vipasuke. Likipasuka bati kando ya mshono, kazi ni njema. Ukipasuka mshono wenyewe katikati, kazi irudiwe. Vivyo hivyo kwa mabati yaliyopandanishwa, ambayo kiwandani yalishikwa kwa nukta za umeme na ambayo fundi huyarudishia kwa kutoboa bati la juu matundu ya milimita sita hadi nane na kuyajaza: ayachane kwa patasi, na akiona nukta imeng'oka na kipande cha bati la pili kikiwa kimeishikilia, amefuzu, ikiachia safi, moto haukulifikia bati la chini, kwa kuwa alianzia pembeni mwa tundu badala ya kuanzia katikati, juu ya bati la nyuma, na kuzunguka kwenda nje. Mtihani huu hauna gharama kubwa wala hauhitaji cheti ukutani, lakini una ukali wa kutosha kumnyenyekeza mtu aliyezoea kusifiwa.

Najua nitajibiwa kwamba mitungi ya argoni ni ghali, kwamba umeme hukatika, na kwamba wazee wetu waliyatunza magari haya kwa miaka mingi bila mashine hizo. Hoja ya mwisho ndiyo yenye uzito, nami naikubali kwa furaha, maana inaunga mkono rai yangu. Wazee waliochomelea kwa gesi ya oksijeni na asetilini, chombo kilichobuniwa Ufaransa na Fouché na Picard mwaka 1903, walikuwa na ndimi ndogo, mkono mwepesi na macho yaliyotazama kidimbwi cha chuma kikizama kidogo, alama ya kwamba moto umefika nyuma. Mshono wa gesi ni laini kuliko wa MIG, na hugongwa kwa nyundo juu ya fuawe ukatanuka, ukarudisha urefu ulioibwa na kupoa, hata bati likanyooka bila ya puti. Kasoro yake ni kwamba joto lake huenea mbali zaidi, hivyo hudai ustadi mkubwa. Lakini yule aliye na ustadi huo hana haja ya kuona haya mbele ya mwenye mashine mpya. Hata fimbo ya umeme, ikiwa ni nyembamba, na ikitumika kwa nukta fupi huku kipande cha shaba nyekundu kikishikiliwa nyuma ya bati kunywa joto, inaweza kuziba sakafu kwa heshima. Chuma hakiishiki shaba hiyo, nayo huondolewa kazi ikiisha. Chombo ni jambo la pili. La kwanza ni desturi ya kugeuza na kutazama.

Wala sisemi kwamba puti ni haramu. Safu nyembamba juu ya bati zima lililochomelewa vyema na kunyooshwa kwa nyundo ni msaada halali. Iliyo hiana ni puti iliyotiwa juu ya tundu lililozibwa kwa wavu au gazeti, maana hunyonya unyevu, na kutu huendelea na shughuli zake gizani, ikilindwa na rangi ile ile aliyolipia mwenye gari. Na pale kiraka kilipopandanishwa badala ya kukutanishwa kwa ukingo, nafasi baina ya mabati mawili huwa bakuli la maji lisipozibwa kwa dawa ya viungo na kunyunyiziwa nta au mafuta kwa ndani. Hivyo kazi ya nyuma haiishi moto unapozimwa.

Ziko sehemu ambazo jambo hili hutoka katika mlango wa uzuri na kuingia katika mlango wa uhai. Magari kama 404 na Morris Minor hayana chesisi ya peke yake. Nguvu yao imo katika bodi yenyewe, na hasa katika vizingiti vilivyo chini ya milango. Anayevikata vyote viwili kwa pamoja bila ya kulitegemeza gari na bila ya kuiacha milango mahali pake apate kupimia nafasi zake, atalichomelea gari likiwa limezama katikati, na milango haitafunga tena. Uingereza, ambako Morris na Land Rover zilitoka, kanuni za ukaguzi huitazama kutu kwa ukali pale ilipo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panapofungwa mikanda ya usalama, springi au usukani, na kiraka cha puti au cha faiba hapo hakipokelewi. Ningependa kuona wakaguzi wetu nao wakiwa na nyundo ndogo na tochi, na wakijua mahali pa kugonga. Ama Land Rover yenyewe, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1948, mwanafunzi ajue kwamba mabati yake ya nje kwa sehemu kubwa ni ya alumini na hayachomelewi kwa njia hii. Kinachomhusu mwanafunzi huyo ni chesisi na ukuta ulio baina ya injini na abiria, ambavyo ni vya chuma.

Juu ya hadhari sitasema mengi, ila yale yanayopuuzwa. Miwani ya jua haizuii miale ya kuchomelea. Anayeitegemea atachomelea mchana akaamka usiku anahisi mchanga machoni, na akirudia mwaka hata mwaka atayaharibu macho ambayo ndiyo rasilimali yake. Tangi la petroli litolewe, si lifunikwe kwa kitambaa. Betri ifunguliwe, na katika Volkswagen, ambapo imewekwa chini ya kiti cha nyuma, itolewe kabisa, kisha paoshwe, kwani tindikali yake ndiyo mara nyingi iliyoila sakafu ile anayotaka kuichomelea. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zisitumiwe kamwe kusafisha bati litakalopigwa moto, kwa sababu mvuke wake ukikutana na miale hiyo huweza kuzaa fosijini, gesi iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Na awepo mtu mwenye ndoo ya mchanga upande wa pili wa bati, maana moto nao huanzia nyuma, katika zulia na nyaya ambazo mchomeleaji hazioni.

Basi nini kifanyike? Vyuo vyetu, na hasa VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 kusimamia mafunzo ya ufundi Tanzania, vingeweza kulitenga bati jembamba kuwa somo la peke yake, lenye mtihani wa kupasua na kuchana mbele ya wanafunzi wote, badala ya kuliacha liwe kiambatisho cha mageti. Mafundi wenye gereji wangeweza kuweka sanduku la mabati mabovu na kumkataza kijana kugusa gari mpaka vipande vyake vimepita jiliwani. Haya yote yanawezekana bila fedha nyingi. Lakini mzigo mkubwa nauweka juu ya mwenye gari, kwa sababu ndiye anayeshika mfuko: kabla ya kuruhusu puti ya kwanza kupakwa, adai kuonyeshwa mshono mtupu, mbele na nyuma, na akiuona mwema azilipie siku zilizotumika kusafisha, kushikiza na kusubiri, hata kama siku hizo hazina kitu cha kuonyesha kwa majirani. Mwanafunzi hujifunza kile ambacho soko linakilipia, na maadamu tunalipia rangi peke yake, ni rangi tutakayouziwa.